Kijitabu cha Nyimbo cha Yide Lu

Mwaka jana nilirudi Guangzhou kikazi, na kabla hata sijafungua begi hotelini nikakimbilia mtaa wa Yide Lu kutafuta duka la laoban wetu wa uchapaji. Laoban ni bosi. Kule kila mwenye duka ni laoban. Sikulipata. Pale palipokuwa na mashine zake na ile harufu ya wino na gundi, sasa wanauza midoli, sungura wa plastiki wanaopiga ngoma wakitiwa betri. Nilisimama mlangoni kama mjinga mpaka muuzaji akaanza kunitazama vibaya, nikamnunua sungura mmoja kwa aibu tu. Kaa nikuhadithie nilichokuwa natafuta, usije ukadhani nimerukwa na akili.

Nilikulia huko, mimi na mama. Yeye alikuwa ananunua nguo kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu na kuwatumia wenye maduka wa Moshi na Arusha. Chumba chetu kilikuwa marobota ya jinzi na kijinafasi cha kutandika godoro moja. Baba sikumjua. Shuleni nilisema Kichina, na mama alirudi jioni amechoka hata salamu haiitiki. Kwa hiyo Kiswahili changu, vicheko vyangu, shangazi zangu wa kuokota, vyote nilivipata Jumapili.

Jumapili mchana, Wakristo wa kutoka bara tulikutana ghorofani, kwenye stoo ya mama mmoja wa Kichina mwenye duka la suruali. Tulikaa juu ya marobota. Kulikuwa na chai ya tangawizi, pilau iliyopikwa kwenye sufuria ya umeme, na maandazi ya jirani yetu, mama wa Bukoba, magumu kweli kweli, ila nani angethubutu kumwambia? Vitabu vya nyimbo hatukuwa navyo. Tulikuwa na mwalimu wa kwaya, muuza simu wa Mbeya, aliyezibeba nyimbo zote kichwani. Alisoma mstari, tukauimba. Akasoma mwingine, tukauimba. Sauti ya wimbo alianzisha yeye, sisi tukafuata bila kufikiri.

Ndipo ukaja msako. Polisi wakawa wanasimama kwenye milango ya maduka makubwa, pasipoti, pasipoti, kutwa nzima. Wenye viza zilizokwisha wakajifungia vyumbani na kuwaagiza wenzao wawanunulie mzigo. Mwalimu wa kwaya akakamatwa, akarudishwa nyumbani. Jumapili iliyofuata tuliimba ubeti wa kwanza vizuri, wa pili tukabaki tunavuma mmm, mmm, hakuna anayejua maneno. Watu wakaanza kupungua, wengine kwa woga, wengine kwa kuona hamna raha tena.

Mama akanieleza waziwazi huku anafunga robota, bila kunitazama. "Krismasi hii nikiona watu hawaji, utaenda kwa bibi yako Moshi. Siwezi kukulea humu na marobota tu." Bibi nilimpenda, ndiyo, lakini nilimpenda kwa simu. Kuachana na mama? Nililia mpaka nikatapika, na mama akanifuta mdomo asibadilishe neno.

Aliyetuokoa ni yule jirani wa maandazi. "Mwalimu kaondoka na kichwa chake," akasema, "basi tutengeneze kichwa cha karatasi." Kila mtu akaleta maneno aliyoyakumbuka, waliojificha wakayasema kwa simu, na kaka mmoja wa chuo, msomi wa skolashipu, akayachapa kwenye kompyuta yake. Tukaenda Yide Lu. Laoban hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alizipanga beti zetu vizuri kuliko vile tulivyompelekea. Jalada lilikuwa karatasi nyekundu iliyobaki kwenye kalenda za mwaka mpya wao, yenye picha ya mtoto mnene amekumbatia samaki. Mama akauliza kama hakuna nyingine ya heshima kidogo. "Mei you," akajibiwa, hakuna. Basi nyimbo zetu za Bwana zikavaa samaki.

Kijitabu kilikatwa ukubwa wa pasipoti, ili kikae kwenye pochi ileile ya shingoni ambayo hakuna aliyetoka bila kuivaa siku zile. Siku moja askari alimsimamisha mama kwenye ngazi, naye kwa kuhangaika akampa kijitabu. Yule askari akafunua kurasa taratibu, akamtazama mtoto wa samaki, akamtazama mama, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kisha akaomba pasipoti yenyewe. Mama alipofika nyumbani akanisimulia, akacheka na yeye, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwalimu aondoke.

Krismasi ikafika. Na watu wakaja! Hata waliokuwa wamejificha walikuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Kila mtu na kijitabu chake, ukurasa wa kwanza, wimbo wa kuzaliwa kwa Bwana. Kaka wa chuo akahesabu, moja, mbili, tatu. Lahaula! Wa Moshi wakaondoka na sauti yao, wa Mbeya na yao, wa Bukoba na yao. Maneno yale yale, nyimbo tatu. Tulikuwa tumechapa kila kitu isipokuwa sauti, maana sauti alikuwa mwalimu, na hakuna aliyewahi kujua kwamba kwao wanaimba tofauti.

Mwanzoni tulicheka. Halafu ikawa ugomvi. "Nyie wa Moshi mnaimba kama mnakimbilia basi!" "Na nyie wa Mbeya wimbo mmoja mpaka ugali uive!" Mzee mmoja akasema sauti yao waliachiwa na wazazi wao, haiguswi, akachukua koti lake. Wengine wakaanza kuinuka. Mama akanigeukia, akanitazama kwa huruma, na mimi nikajua nimeshafika Moshi.

Jirani akapanda juu ya robota, na mwili wake ule. "Kaeni chini! Kontena tunachanga, huyu jinzi, huyu redio, huyu viatu, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu anayeweza kulijaza peke yake. Leo wimbo unatushinda kuchanga? Moshi, leteni mstari wa kwanza. Mbeya, wa pili. Wa tatu wetu. Kiitikio tutaelewana."

Ikawa soko. Watu wakapatana mistari kama wanavyopatana bei, huyu anapunguza, huyu anaongeza, mzee wa koti akadai mstari wa mwisho uwe wa kwao, akapewa, akakaa. Kisha tukaimba kwa sauti ya chini, kwa kuhofia polisi. Wimbo ulikwenda ukijikwaa, ukiruka, lakini ulikwenda. Mama aliimba amefumba macho, kanishika mkono mpaka ukauma.

Kuhusu Moshi hakusema kitu. Jumatatu akayasogeza marobota, akaninunulia kitanda, na mtu wa safari hanunuliwi kitanda. Niliishi naye mpaka nilipomaliza shule.

Leo wale watu wametawanyika, wengine wamekufa, stoo imekuwa ofisi, na kijitabu chenyewe sina, mama naye hana. Niliporudi na sungura wangu wa ngoma nilijiambia kwamba basi, yamekwisha yote.

Krismasi iliyopita nilikuwa Songea, kwa wakwe. Kanisani akina mama wakasimama kuimba ule wimbo wa kuzaliwa kwa Bwana, mstari wa kwanza unakimbia, wa pili unavutwa, wa tatu unapanda kilima. Nywele zilinisimama. Nilipotoka nikamuuliza kiongozi wao, mama wa makamo, sauti ile wameitoa wapi.

Akanishangaa. "Hii? Hii ni yetu, mwanangu. Tumeachiwa na mababu."

Nilimpigia mama simu pale pale, nikamweleza. Naye, kwa sauti ya chini, kama bado kuna polisi mlangoni, akaanza mstari wa kwanza.