Nilipowapikia Waliokuja Kunikatalia

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo harufu yake naisikia mpaka leo. Tunakaa Irving, Texas, miaka hiyo, kwenye apatimenti za karibu na uwanja wa ndege, ndege ikipita vikombe vinagongana kabatini. Nimesimama jikoni napika pilau, jasho linanitiririka, na sebuleni wamekaa watu wanaongoja hiyo pilau iive, wale, washibe, halafu waniambie hapana. Cheka, cheka tu. Na mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana umenipigia unalia, eti babu yako Elisha, kaka yangu, hataki uende Thailand kufundisha watoto Kiingereza. Ulikwenda kwa baba, baba akakutuma kwa babu, babu akasema mpaka kikao. Nikakwambia nyamaza, nitakuachia maneno kwenye simu usikilize ukishatulia, maana mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Haya, sikiliza. Na usirukeruke katikati, nakujua.

Kwetu Muheza aliyepelekwa shule ni babu yako. Mimi nilibaki nyumbani na watoto mgongoni. Kiingereza nimekikuta ukubwani, hapo Irving, kwenye jiko kubwa linalopika chakula cha kwenye ndege. Kiingereza cha makelele. Ukipita nyuma ya mtu na sinia la moto lazima upaze sauti, "Bihaindi yu! Hoti, hoti!" Usipopaza, unamuunguza mwenzio. Mimi nikaanza kuwaiga. Nikamwiga supavaiza, mama wa Kitexas anayevuta maneno kama ubani mdomoni, "Haaanii, hau yu duuuin?" Nikamwiga Mmeksiko wa kuosha vyombo anavyogombana na mashine yake. Watu wanacheka mpaka wanashikilia meza. Siku zikaenda, nikajikuta naongea, wala sijui nilijifunza lini.

Sasa pale jikoni alikuwepo Noi, mwanamke wa Kithai, mfupi, mwepesi wa kisu, anaongea kama anakatakata vitunguu, tak-tak-tak. Kaka yake alikuwa mwalimu mkuu kijijini kwao, huko kwenye mashamba ya mpunga. Watoto wa shule ile Kiingereza wanakisoma kitabuni tu, hakuna anayekitoa mdomoni. Siku moja tunafunga visinia, akaniambia, "Rehema, wewe mdomo mingi. Mimi naenda kwetu. Twende. Wewe ongea, watoto sikia. Lala kwa mama yangu, kula kwa mama yangu. Mshahara hakuna."

"Noi, mimi sijui kuandika."

"Kaka anaandika. Wewe ongea."

Mwanangu! Mimi nisimame mbele ya darasa? Mimi ambaye shule nilikuwa naisikia kwa kengele, ikigonga huko ng'ambo ya barabara?

Basi badala ya kutafuta tiketi, nikaanza kutafuta ruhusa. Nikampigia wifi yangu Houston, bibi yako huyo. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kumwaga sukari, "Wifi jamani, kule si kuna nyoka?" Nikamwambia, nyoka si juzi tu umemkuta gereji kwako? Akasema, "Huyo ni wa hapa hapa, tumeshamzoea." Nikaomba kuongea na kaka. Kaka hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akasema, "Tutakaa kikao."

Unavijua vikao vyetu vya huku. Bila mzee havikaliki, na wazee wetu tumewaacha nyumbani. Kwa hiyo mzee anaazimwa. Babu yako alitoka Houston alfajiri na wifi, aka-drive mpaka Fort Worth, akamchukua Bibi Tabita, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mkubwa kuliko wote tuliokuwa tunawajua. Alimweka kiti cha mbele, akamfunga mkanda mwenyewe kama yai. Kazi aliyoletewa ni moja, kuweka neno la mwisho, na neno lenyewe kaka alishamwambia njiani.

Na mimi kazi yangu kupika. Ndiyo ilivyokuwa desturi yetu, mwenye kesi ndiye anayelisha kikao. Nyama nimeikatakata mwenyewe, vitunguu nimevimenya mwenyewe, hata machozi sijui yalikuwa ya nini.

Alikuwepo pia katibu wa umoja wetu wa Dallas, yule bwana wa tai. Huyo hata akitaka chumvi mezani anaanza na itifaki. Akakohoa, akamwinamia kaka. "Ndugu mwenyekiti, bibi yetu mgeni rasmi, wajumbe wote. Ajenda yetu ni moja, nayo ni safari ya dada yetu Rehema. Safari hiyo, kwa jinsi tulivyofuatilia, haina mshahara."

Akainyoosha tai ili tuusikie uzito wa hilo neno. Wifi akaguna. Kumbe dhambi ndiyo hiyo! Ningesema nakwenda Thailand kusugua sufuria kwa mshahara, wangenibebea sanduku.

Kaka akasimama. Unamjua anavyosimama, anapandisha suruali kwanza. "Rehema. Watu nyumbani wanauza mashamba waje Amerika. Wewe umeshafika, halafu unataka kurudi kijijini, tena kijiji cha wenyewe! Utafundisha nini? Umeishia darasa la ngapi?"

Nikamjibu kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Darasa nililoishia unalijua, kaka. Kila asubuhi ulikuwa unanipita mlangoni, mimi nimembeba mdogo wako, wewe umebeba daftari."

Akapandisha suruali tena. Ikasikika pilau tu inavyotokota.

Basi katibu akamkaribisha Bibi Tabita. Bibi kakaa kwenye sofa, kitenge magotini, miguu haifiki chini. Akawatazama mmoja mmoja kama anachagua nyanya sokoni.

"Bon. Miye niko na swali moja tu. Huyu mutoto akienda, nani hapa atalala njala?"

Katibu akamwangalia kaka. Kaka akamwangalia wifi. Wifi akaangalia zulia.

"Hakuna mutu?"

Bibi akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Basi tulikuya kula. Mulete chakula."

Nilitaka kucheka, nikajifungia jikoni. Nikasikia kitenge kinaburuzika nyuma yangu, bibi kanifuata. Nikajua amekuja kunipongeza. Pongezi gani! Alinipa maneno makali nusura niangushe sinia.

"Na weye! Mama muzima kama weye! Juu ya nini unaita batu baje kukuamulia, na unabapikia tena? Mutu mwenye anaenda, anaaga. Haombi. Ukimuomba mutu, umemupa kazi, na kazi yake ni kukatala. Na hapa batu banapenda kazi." Halafu akachukua sahani, akajitilia nyama mwenyewe, akarudi zake sebuleni.

Nilikasirika, nisikufiche. Nimepika tangu asubuhi, halafu natukanwa na mzee wa kuazima! Lakini yale maneno hayakunitoka kichwani. Nikapakua, wakala, tena walikula vizuri, katibu aliongeza. Walipomaliza nikanawa mikono, nikavua khanga ya jikoni, nikaenda kusimama katikati yao. Nikaanza na bibi, "Shikamoo bibi, nakuaga, nasafiri." Akaitikia. Katibu nikampa mkono, "Nakuaga, nasafiri." Akaupokea, hana la kufanya, mdomo umejaa. Wifi akanikumbatia, machozi yanamtoka, "Uangalie nyoka."

Nikafika kwa kaka.

Mwanangu, uelewe hapa. Marekani nzima damu yangu ilikuwa ni huyo mmoja. Yeye ndiye aliyenileta. Yeye ndiye aliyenipokea uwanjani na koti la baridi mkononi, hata kabla hajanisalimia alinivika. Nikamnyooshea mkono. Hakuupokea. "Ukipanda ndege hiyo," akasema, "usiniite kaka tena."

Mkono umening'inia hewani kama wa mtu anayesimamisha gari, na gari halisimami. Kila mtu ananiangalia, wanajua nitalia, nitapiga magoti, nitasema basi kaka, yaishe. Nami nilijua nikipiga magoti siku ile, sitainuka tena. Nikaurudisha mkono wangu. Ni wangu. Nikamwambia, "Elisha, sikukuomba. Nimekuaga. Mwisho wa mwezi naondoka."

Akachukua kofia, huyooo, mlango ukabamizwa, wifi akamkimbilia na viatu mkononi. Na unajua alimsahau nani? Bibi Tabita! Mzee kamuazima mwenyewe, kamwacha kwenye sofa langu! Nilimrudisha mimi Fort Worth, na njia nzima alilala, anakoroma kama mtu aliyemaliza kazi.

Kazini supavaiza akaniambia, "Haaanii, nafasi yako siwezi kukuwekea." Nikamwambia, weka mtu. Nikaondoka.

Kijijini kwa Noi tulikuta mpunga mpaka macho yanachoka. Wanakula wali mkavu wa kunata, kwa mkono, wanauminya kama sisi na ugali. Nikasema, hawa wenzangu. Yule mwalimu mkuu nilimwambia siku ya kwanza, mbele ya walimu wote, kwamba siandiki wala sisomi. Noi akatafsiri. Yule baba akacheka kwa aibu, akasema yeye anaandika vizuri sana, ila akimwona Mzungu anajificha chooni asisemeshwe. Basi tukagawana, chaki yake, mdomo wangu.

Na wale watoto! Ndiyo wanajua kuiga! Wiki ya kwanza walinicheka, nywele zangu, kiuno changu, ninavyopiga chafya. Nikawaacha. Nikawaiga na mimi wanavyocheka. Wakacheka zaidi, tukawa marafiki. Muda si mrefu shule nzima inakimbizana uwanjani na mabakuli ya mchuzi, "Bihaindi yu! Hoti, hoti!" Kiingereza cha jikoni kwetu Irving, kimefika kwenye mpunga. Wakikutana na mgeni barabarani wanamvutia maneno, "Haaanii, hau yu duuuin?" Mwalimu mkuu mwenyewe akaanza. Hakujificha tena.

Si kwamba kila siku ilikuwa sherehe. Niliugua homa kule, nikalia kama mtoto. Nikaenda dukani na kadi ya simu, nikapiga Houston. Wifi akapokea. Nikasikia sauti ya kaka kule nyuma, "Nani?" "Ni Rehema, anaumwa." Halafu nikasikia redio inaongezwa sauti. Nikaweka simu chini. Kesho yake nilikuwa darasani, nimeshika ukuta. Nilisema, kama ni kufa, nitakufa naitwa mwalimu.

Sikufa, kama unavyonisikia. Muhula ukaisha, nikarudi, nikapata kazi ya kutunza wazee Mansfield. Kaka kimya. Harusi ya baba yako nilialikwa na bibi yako kwa siri, nikakaa meza ya nyuma na wapiga picha. Miaka, mwanangu. Halafu siku moja tuko kwenye sherehe ya watu, nimesimama nyuma yake na sahani, namsikia anawaambia wageni, "Dada yangu alifundisha Kiingereza Thailand. Sisi ndio tuliomtuma." Na yule wa tai yuko pembeni, "Kwa baraka zote za umoja wetu!"

Nikasema kwa sauti, watu wasikie, "Elisha, mlinituma na nini?"

Akageuka. Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Akavuta kiti, "Kaa, dada." Nikakaa. Msamaha hakuomba, na mimi sikumdai. Tunaongea mpaka leo, nampenda, akiumwa nasafiri mpaka Houston kumpikia uji. Lakini kwamba aliniumiza, aliniumiza, na kwamba nilikwenda, nilikwenda. Ningeambiwa nichague upya, ningekwenda tena, tena nisingepika.

Sasa wewe. Acha kuzunguka na hilo ombi lako nyumba kwa nyumba kama muuza sabuni. Nenda Houston. Msalimie babu yako vizuri, shikamoo yenye heshima, usipaze sauti, usilie. Mwambie unaondoka lini, utakaa kwa nani, utampigia vipi. Akiuliza kuhusu maji ya kunywa na hospitali, mjibu, hata akiuliza mara kumi. Kujua utalala wapi ni haki yake. Kukuamulia ulale wapi, hapana. Akitaja kikao, mwambie, babu, sina kesi. Akinuna, mwache anune, ni mnunaji wa siku nyingi, anarudi. Asiporudi, itakuuma, sikudanganyi, na utakwenda hivyo hivyo inauma. Atakuja kuwaambia watu yeye ndiye aliyekutuma. Mwache aseme, ila wewe ujue.

Na kule usijifanye umewapelekea jua. Watakucheka kwanza. Kaa uchekwe.

Mungu akutangulie kwenye ndege na kwenye tope. Akupe sauti isiyokauka, na watoto wakaidi wa kukuchosha vizuri. Akukinge na homa, na ikija, akupe mtu wa kukushika mkono. Hao nyoka wa bibi yako wapite njia nyingine. Mimi sikupi ruhusa, mwanangu, maana hukuniomba, na usithubutu kuniomba. Umeniaga. Nimeitikia. Nenda.