Kofia ya Baba

Juzi nilipita kwa dobi mmoja Kariakoo, harufu ya pasi ya mkaa juu ya nguo iliyotiwa wanga ikanisimamisha katikati ya njia. Msukuma mkokoteni akanitukana, na haki alikuwa nayo. Kimawazo mimi nilishafika mtaa wa Gerezani, kwenye ua wetu wa utotoni, asubuhi ya beni.

Beni yetu ilikuwa ngoma ya wanawake. Kila mwaka waliicheza kuwakumbuka wanaume wa mtaa waliokwenda vita vya Kagera. Walivaa sare na kupeana vyeo. Bibi yangu, mama yake baba, muuza iliki na pilipili manga sokoni, ndiye aliyekuwa Jenerali. Alikagua gwaride na mwiko wa ubwabwa mkononi, na ole wake kapteni ambaye kanga yake imechungulia chini ya sare. Kisha matarumbeta yalilia, tukaelekea Mnazi Mmoja.

Jina la mwanamume likiimbwa, mtu wa nyumba yake alitoka mbele na kofia yake. Aliyerudi vitani, kofia yake ilivaliwa kichwani. Aliyekufa, ilibebwa mikononi.

Baba alikwenda vitani akaniacha mchanga. Hakurudi, wala maiti yake haikuletwa. Shehe alikwisha kumwambia mama kwamba anaweza kukaa eda, mama akakataa. Kila mwaka aliivaa kichwani kofia ya mgambo ambayo baba aliiacha msumarini, akacheza huku anatabasamu. Majirani walimwambia subira yavuta heri, kisha wakigeuka wanatikisa vichwa. Bibi naye, kofia ile hakumwachia mtu mwingine kuipiga pasi.

Mwaka nilioanza darasa la kwanza, jina la baba liliimbwa, mama akatoka. Hatua chache tu, akaivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Ngoma ikalegea. Mimi nikaona amesahau, na aibu nikaiona mimi. Nikachomoka, nikamnyang'anya, nikaivaa. Ilinifunika mpaka puani. Nikacheza vilevile alivyokuwa akicheza yeye.

Wanawake wakaanza kulia. Nikadhani ni kwa uhodari wangu, basi nikazidisha madoido. Kapteni mmoja akanyoosha mkono anivue kofia, Bibi akamzuia kwa mwiko.

"Mwache aivae," alisema. "Kilichorudi ni hiki kitoto chake."

Kesho yake mama alivaa nyeupe, akakaa eda. Mimi nilifurahia pilau za majirani na kumsimulia kila mgeni nilivyocheza.

Nilikuja kuelewa nikiwa mke wa mtu, mume wangu alipochelewa safari kwa siku mbili tu na nikashindwa kumeza chakula. Mama alikuwa amengoja miaka. Na Bibi, siku ile, alimzika mwanawe mbele ya watu huku ameshika mwiko. Nilimlilia Bibi siku hiyo ya kumngoja mume wangu, wakati yeye mwenyewe alikwisha kufariki zamani.

Mama alipotoka eda alinipa ile kofia. Siku ya beni naitia wanga, naipiga pasi mwenyewe, na jina la baba likiimbwa, naivaa kichwani.