Bondia wa Redio na Bondia wa Simu

Hii story ukiisikia utaniona fala, na utakuwa umeona vizuri. Shida ni kwamba baba yangu mdogo ameshaizungusha Kitengela yote, na kila akiisimulia ananifanya mjinga kuliko jana. Kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe, ujinga ukiwa bado wa saizi yake.

Mimi kazi yangu ni kuweka tiles. Kitengela hiyo kazi haiishi, nyumba zinaota kuliko nyasi. Siku moja nikapewa sakafu ya saluni, na kwa hiyo saluni kulikuwa na msichana wa Kimaasai anayesuka nywele. Sakafu ya siku tatu niliiweka wiki mbili. Mwenye saluni alilalamika, msusi hakulalamika. Mambo ikasonga hivyo mpaka tukakubaliana niende kwao, upande wa Kajiado, nijulikane kwa wazazi.

Kabla ya kwenda akanikalisha chini.

"Baba siku hizi haongei. Ukame ulimaliza ng'ombe zake, sasa anakaa tu kwa kiti. Akinyamaza, nyamaza na yeye. Akikusalimia, mpe kichwa akuguse. Na tafadhali, usilete jokes kwetu."

"Hata moja?"

"Hiyo ndiyo moja. Umeimaliza."

Baba yangu alishaenda mbele ya haki, kwa hivyo aliyenisindikiza ni baba mdogo. Sisi ni watu wa Magharibi, lakini yeye anafanya kazi kiwandani kule Magadi, amezoea lile joto mpaka Kajiado alikuja na sweta mbili, moja juu ya ingine. Mpango ulikuwa rahisi. Yeye ataongea. Mimi nitakuwa kama ng'ombe ya mnada: nisimame, nionekane mzima, nisitoe sauti.

Tulimkuta mzee sebuleni, shuka begani, fimbo imelala magotini. Kando yake alikuwa mzee mwingine wa rika lake. Kwa Wamaasai, wale waliotahiriwa pamoja wakakuwa morani pamoja ni rika moja, na wanabaki hivyo mpaka kaburini. Nikainamisha kichwa. Mzee akanigusa utosini.

"Supai."

"Epa," nikajibu, vile nilikuwa nimefundishwa.

Mpaka hapo, kama ningeanguka nife, ningezikwa kama kijana mwenye adabu.

Ikafika maombi. Msichana wangu na mama yake wakatoka jikoni, wakamshika mzee huku na huku, wakamwinua asimame. Tulipomaliza kuomba wakamrudisha kwa kiti pole pole, kama watu wanaoweka gunia ya mayai. Chai ikamiminwa vikombeni. Baba mdogo akakohoa, akaanza: sisi tumepita huku, tumeona ua zuri kwa hii boma.

"Mm," mzee akasema.

Baba mdogo akaongeza kwamba kijana wetu ni wa kanisa, na anajua kazi ya mikono.

"Mm."

Akahamia kwa mvua. Magadi haijanyesha, huku je?

"Mm."

Halafu kimya. Nilisikia mbuzi nje ikitafuna karatasi. Mimi na kimya hatujawahi kuelewana. Hata shule ya msingi, na hiyo ndiyo shule yangu yote, nilikuwa nachapwa kwa kujibu maswali ya watu wengine. Nikaangalia dari. Nikaangalia sakafu, ni ya simiti, ilihitaji mtu kama mimi. Nikaangalia ukuta. Na hapo ukutani, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi, kulikuwa na picha ya gazeti kwa fremu: bondia, bingwa wa uzito wa juu wa zamani kabisa, ngumi juu, kifua kinang'aa.

Mdomo wangu haukuniuliza.

"Mzee, huyu nasikia alikuwa moto. Lakini na hili jitu lililo bingwa sasa, hangemaliza raundi mbili."

Baba mdogo akanikanyaga. Pazia la jikoni likatingika. Mzee akageuza shingo pole pole, kama geti ya zamani.

"Nani hangemaliza?"

"Huyu wako, mzee. Wa siku hizi ni wakubwa. Wanakula kwa mpango, wanalala kwa mpango. Huyu alikuwa anakula nini?"

"Watu," mzee akasema.

Rafiki yake akacheka mpaka chai ikampitia kwa pua. Mimi nikaona nimefunguliwa mlango.

"Mzee, ulimwona akipigana kweli?"

"Nilimsikia. Nilikuwa nachunga upande wa Rombo, redio tumeitundika kwa mti. Ng'ombe zenyewe zilisimama kusikiliza."

"Kumbe ni bondia wa redio! Mimi wangu nimemwona na macho."

"Wapi?"

"Kwa simu."

"Kwa simu ni mrefu aje?"

Akanionyesha kidole chake kidogo. "Hivi?" Akainua mkono juu. "Wangu alijaza bonde yote. Wako unamweka kwa mfuko pamoja na funguo."

Hapo ningenyamaza, na mpaka leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nilikuwa nashindwa na mtu aliyekaa, na hiyo iliniuma. Nikasimama katikati ya viti.

"Wacha nikuonyeshe. Mimi ndiye wa sasa. Mkono wangu kutoka hapa unafika kalenda. Huyo wako ataingia wapi?"

"Chini yake."

"Aje?"

"Hivi." Akainama kidogo akiwa kwa kiti.

"Ah, mzee, akiwa amekaa nampata bila hata kufungua macho."

Mzee akasimamisha fimbo, akaiegemea, akainuka. Akampatia rafiki yake ile fimbo. Shuka ikateleza, hakuiokota. Mimi wakati huo sikuona kitu ya ajabu, niliona tu mpinzani. Rafiki yake akachukua kijiko, akagonga kikombe: ngii!

"Raundi ya kwanza!"

Nikarusha ngumi ya upepo, mbali na yeye kabisa. Akaipisha kichwa. Nikarusha ingine, akaipisha huku. Alikuwa anahema, lakini macho yake yalikuwa yamewaka kama ya mtu aliyeona mvua. Halafu, sijui alipita wapi, nikasikia vidole vyake vimenigonga mbavu, kok, kok.

"Umeona mlango?" akaniuliza.

Na mimi, kwa raha, nikarudisha. Ngumi yangu ikaenda ikasimama karibu na sikio lake. Haikumgusa. Lakini alirudi nyuma hatua moja, kisigino kikapata meza, flaski ikaanguka, na chai yote ikaenda kwa suruali ya baba mdogo.

Rafiki yake akaweka kijiko mezani. Mimi nikabaki pale na ngumi yangu hewani kando ya kichwa cha mtu niliyekuja kumwomba binti. Msichana wangu alikuwa amesimama kwa pazia, kitambaa cha jikoni mdomoni.

Rafiki ya mzee akasema pole pole, "Ameinulia mkono mtu wa rika ya baba yake."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile daktari anasoma karatasi. Baba mdogo alikuwa anaomba msamaha huku akivuta suruali isiguse ngozi. Nikashusha mkono. Nilimwangalia yule msichana, na yeye akaangalia chini, na nikajua sakafu hii nimeivunja mwenyewe.

Mzee alikuwa bado anatafuta pumzi.

"Huyu wako," akasema, "wangu akiwa bingwa, yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa hajazaliwa, mzee."

"Na baba yake?"

"Labda alikuwa kijana bado."

"Basi huyo ni rika ya watoto wake. Hakuna pigano hapo. Angeingia kwa hiyo ulingo, aone ni nani amesimama, ainamishe kichwa. Na huyu wangu angemgusa." Akanyoosha mkono. "Halafu wakunywe chai, kama hamjaimwaga."

Nikainamisha kichwa. Mkono wake ulikaa pale utosini muda mrefu kuliko ile mara ya kwanza.

Wazee wawili wakaongea Kimaa kidogo. Halafu rafiki yake akatutafsiria: kijana ana makosa, ataleta blanketi moja ya mzee, nyekundu, na alete mwenyewe. Baba mdogo akajaribu bahati. Je, na ile maneno ya ua?

"Mm," mzee akasema, akatafuta kiti chake.

Tukatoka. Msichana wangu alinifuata mpaka kwa geti ya miti.

"Nilikuambia jokes ngapi?"

"Moja."

"Na wewe umepigana na baba yangu."

Akageuka akarudi. Nikabaki nimeshika ile geti. Baba mdogo alikuwa ametangulia barabarani, amefunga sweta moja kiunoni ifunike chai. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa imeisha: nitaleta blanketi, niombe msamaha, kisha kila mtu ashike njia yake. Nitakuwa napita mbali na ile saluni maisha yangu yote.

Ndipo mama akaja, anajipangusa mikono kwa leso. Nikaanza, "Mama, nisamehe, mimi hii mdomo..."

"Wacha," akasema. "Mgeni akikosea hapa anaonyeshwa barabara. Faini tunatoza mtoto wetu."

Nikamwangalia nisiamini. Nyuma yake, ndani ya nyumba, tulisikia mzee akimpigia rafiki yake kelele kuhusu mkono wa kushoto.

"Tangu ng'ombe ziishe," mama akasema, "sisi ndio tunamwinua, mimi huku, msichana huku. Wewe uliona. Leo ameinuka mwenyewe ndio akupige." Akafunga geti kati yetu, akaweka kijiti mahali pake. "Hiyo blanketi usichelewe nayo. Lakini ukirudi, usimwambie ati yule wa zamani angeshinda. Ukikubali tu, atakaa tena."