Niliapa Kwamba Shemeji Yangu Hana Bosi

Mimi ndiye niliyedanganya. Acheni nianze hapo, kwa sababu nikianza na maelezo nitaishia kujitetea, na sina haki hiyo.

Nilikuwa karani wa krasha moja huku Masara, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa. Kazi yangu ilikuwa daftari. Filimbi ikilia saa moja asubuhi, naandika nani amefika, nani amechelewa, nani akatwe mshahara. Tulikuwa watu kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa Omondi, mume wa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemtoa kwao Homa Bay nikamtafutia kibarua hapo.

Basi watu wa kodi wakaja. Wakamwambia mdosi, mwenye krasha, kwamba sisi ni wafanyakazi wake, kwa hivyo alipaswa kutukata kodi ya mshahara kila mwezi na kuipeleka serikalini. Mdosi akakataa, akaenda mahakama ya kodi. Alikuwa na neno moja tu: hawa si wafanyakazi wangu, kila mtu amejiajiri.

Akaniita ofisini, akanipa soda. Akasema wachimbaji wa mashimo ya Osiri hawana bosi, wanagawana magunia ya mawe na mwenye shimo, kila mtu na bahati yake. Si tuseme na sisi ni hivyo? Tukishindwa, krasha inafungwa, wote mnarudi nyumbani. Tukishinda, wewe utakuwa meneja. Jameni, hilo neno meneja lilinilevya!

Nikaandika daftari jipya, la magunia ambayo hatukuwahi kugawana hata siku moja. Nilibadilisha kalamu mara tatu ili lionekane liliandikwa siku mbalimbali. Lile la zamani mdosi aliniambia nilichome. Sikulichoma, sijui kwa nini. Nililificha chini ya nguo kwenye sanduku.

Wenzangu waliweka sahihi kwenye karatasi za kujiajiri wakicheka. Nani anapenda kukatwa kodi? Ni Omondi tu aliyeniuliza kama hiyo karatasi haina shida. Nikamwambia weka sahihi, kwani mimi naweza kukuuza? Akaweka.

Kesi ilisikizwa kwa kompyuta, mimi nikiwa ofisi ya wakili mjini Migori. Niliapa kwa Biblia, mimi ambaye kila Sabato nakaa kiti cha mbele! Waamuzi walikuwa watatu. Kulikuwa na mama mmoja wa miwani ambaye hakujali karatasi zilituita nani. Yeye alitaka kujua tunavyofanya kazi. Nyundo na mashine ni za nani? Nani hupanga saa? Mtu akichelewa anafanywa nini? Akiugua, anaweza kumtuma mwingine?

Nikajibu kwamba nyundo ni zao, mashine wanakodi, saa wanajipangia, na mtu anaweza kumtuma yeyote. Nikisema hivyo nilikuwa nakumbuka vizuri siku Omondi aliposhikwa na malaria akamtuma ndugu yake, na mdosi akamfukuza langoni kama mwizi.

Tulishinda. Mdosi akatuchinjia mbuzi, na mimi nikala.

Haikupita miezi mitatu, mkanda wa mashine ukamshika Omondi mkono wa kulia. Nyasaye, Mungu wangu! Hospitali waliukata chini ya kiwiko. Mdogo wangu akaenda kwa mdosi kuomba haki ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Mdosi akamkabidhi nakala ya uamuzi wa mahakama, akamwambia mumeo alikuwa mfanyabiashara, na biashara ina hasara zake.

Mdogo wangu alinipigia simu. Hakunisalimia. Alinisomea sehemu yenye maneno yangu, polepole, neno kwa neno, kisha akakata. Mpaka leo hajanipigia tena. Na umeneja? Alipewa mpwa wa mdosi.

Jumapili iliyopita nilitoa lile daftari la zamani sandukuni, nikaenda Homa Bay walikorudi. Mdogo wangu alibaki jikoni, hakutoka. Omondi aliliweka magotini akalifungua kwa mkono wa kushoto, karatasi zikimteleza. Nilitaka kumsaidia, nikaogopa. Akafika ukurasa mmoja, akanionyesha.

Ulikuwa mwandiko wangu: Omondi, amefika saa mbili, akatwe siku nzima. Ni ile asubuhi Akinyi, kifungua mimba wao, alipozaliwa. Omondi alikuwa amempeleka mdogo wangu zahanati, akaja kazini mbio bila hata kunywa chai. Nami nilijua, na bado nikamwandika.

Hakunifokea. Heri angenifokea.

"Shem," akasema, "kama mimi ndiye nilikuwa bosi, siku hiyo nani alinikata?"

Daftari nimemwachia. Wakili aliyemwonyesha anasema linaweza kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi, adai fidia ya mkono, na linaweza kunipeleka jela kwa kuapa uongo. Nimemwambia alitumie.

Wewe unayeshika daftari la kazi mahali, nakuomba, nisikie. Utabembelezwa, utaambiwa ni karatasi tu, kila mtu anafanya hivyo. Kabla hujainua hiyo Biblia, rudi kwenye daftari lako, utafute jina la mtu wako wa karibu, usome ulichomwandikia.