Mkono wa Kukata wa Mzee Gozbert

Mzee Gozbert alikaa dirisha la malipo la ofisi moja ya serikali kwa miaka thelathini na kitu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukata. Uwe umepeleka viti, umefyeka majani au umepika pilau ya semina, pesa yako ilipita kwanza kwake. Yeye anatoa kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji anaibakiza kabla mfuko wako haujaonja kitu, halafu anakupa kilichobaki pamoja na karatasi. Watu walimtukana sana pale dirishani. Alikuwa anawajibu neno moja, "Utaratibu," huku anafunika kalamu.

Mkono uliozoea kukata hauchagui cha kukata. Mkewe, Mama Avelina, aliwahi kutusimulia kwamba hata maini yakiletwa mezani, mzee anatenga kwanza kipande pembeni ya sahani ndipo anaanza kula. Ukimuuliza kipande hicho cha nani, anasema hajui bado, ila lazima kuna siku kitakuja kuulizwa.

Sasa mtu wa namna hiyo akastaafu, na mkupuo wake ukaingia.

Mkupuo ni ile pesa ya pamoja anayopewa mstaafu mara moja, kabla pensheni ya kila mwezi haijaanza kudondoka. Binadamu wa kawaida ukiingia anaanguka magotini, au anazima simu ndugu wasimpate. Mzee Gozbert alipiga hesabu, akairudia, akaona haijakatwa chochote. Rangi ikambadilika. Kesho yake akavaa suti aliyoolea na kwenda ofisi za mfuko kudai akatwe.

"Shikamoo mzee, nikusaidie nini?" dada wa dirishani akamuuliza.

"Marahaba. Mmesahau kunikata."

"Kukukata nini, baba?"

"Kodi. Pesa imekuja nzima."

Dada akaangalia kompyuta, akamwangalia mzee, akarudi kwenye kompyuta. "Hapo hudaiwi kitu, mzee. Ni yako yote. Nenda kapumzike."

"Nani kasema?"

"Mie ndiyo nasema."

"Una cheo gani?"

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya wastaafu wenzake waliokuja kulalamika kwamba zao ni kiduchu. Walipoelewa huyu kafuata nini, almanusura wamtoe kwa ukosi wa suti. Bibi mmoja aliyefundisha shule za msingi tangu enzi za redio za mkulima akapaza sauti: "Jamani mtoeni huyu, atawaamsha waliolala!"

Mzee akarudi kwake Mtoni na jibu moja kichwani. Wamesahau. Siku watakapokumbuka watakuja, na watakuja na faini. Kwa hiyo akaanza kujikata mwenyewe. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya kabati, na kila pesa iliyotoka benki ikaacha asilimia kumi humo kabla ya kwenda popote. Ya mkaa ilikatwa. Ya sadaka ilikatwa, na mtu akimwambia Mungu naye ana kumi lake, alijibu kwamba hizo ni ofisi mbili tofauti.

La pili alilofanya lilikuwa akaunti. Alishasikia habari za wastaafu: yule wa Keko aliyeoa binti wa rika la kitinda mimba wake, mkupuo ukaisha kabla ya fungate, na yule wa Yombo aliyefungua baa akawa ndiye mteja wake mkubwa. Basi akawaambia watu wa benki kwamba pesa isitoke bila sahihi tatu: yake, ya Avelina, na ya mdogo wake Fredrick.

"Kwani mzee humwamini nani?" walimuuliza.

"Gozbert," akasema. "Nimeishi naye muda mrefu."

Huyu Fredrick anauza mabegi ya safari nje ya stendi ya Mbezi Luis. Anakaribia sitini, ana tai mbili na maneno mengi, na hasahau kitu. Bahati mbaya ndiye alikuwa ndugu wa kwanza kuja na shida. Aliomba laki tano za kuongezea mzigo dukani. Wote watatu wakasaini kwa tabasamu, soda ikaletwa, kisha mzee akamkabidhi mdogo wake laki nne na nusu na kikaratasi chenye muhuri aliojichongea mwenyewe Kariakoo.

"Kaka, hiki nini?"

"Stakabadhi ya zuio. Itunze."

"Zuio la nini? Mie si mzabuni wako, mie mdogo wako! Tumenyonya ziwa moja!"

"Ndiyo maana nimekupa stakabadhi. Wengine nawakataga hivi hivi."

Fredrick hakumaliza soda. Aliaga kwa ufupi sana, na Mhaya akiaga kwa ufupi, mjue kuna jambo zito limezaliwa.

Mama Avelina ndiye aliyekuja kulipia hilo jambo. Yeye kwenye mkupuo mzima alikuwa na ombi moja. Walikuwa na kiwanja Mbezi ya ndani kabisa, ile ambayo ukiitaja, dereva wa bajaji anakuuliza kama na wewe una uhakika. Kuta zilisimama miaka bila paa, mpaka mpapai ukaota sebuleni na kuzaa. "Sitaki gauni, sitaki safari," alimwambia mumewe. "Nataka bati. Nikilala, nione bati."

Na muda ulikuwa umembana. Mwenye nyumba wao pale Mtoni, Bi Hamida, alikuja kwa adabu zake zote, na sahani ya vileja mkononi, akawaambia mwanawe anaoa, vyumba vinahitajika, mwisho wa Machi wawe wamehama. Machi ndiyo masika yanaanza. Yaani wapate bati, au wahamie mvuani.

Pesa zipo benki. Mzee akasaini, Avelina akasaini, karatasi ikapelekwa Mbezi Luis. Fredrick akaisoma akiwa amekaa juu ya begi kubwa kama kiti cha enzi.

"Kwanza elfu hamsini yangu," akasema. "Halafu ndiyo kalamu yangu itaandika."

Avelina akaona hilo jepesi, akamgeukia mumewe. "Baba Brightson, mtolee kwenye kopo yaishe."

Mzee alimtazama kana kwamba amemwambia wakapike bendera. "Ile si yangu, Mama Brightson. Ile ya serikali. Iko njiani."

"Iko njiani wapi? Si iko juu ya kabati!"

"Kopo liko juu ya kabati. Pesa iko njiani."

Basi ikabidi elfu hamsini itoke benki. Na ya benki inataka sahihi tatu. Kwa hiyo Fredrick, ambaye amegoma kusaini mpaka alipwe, ilibidi asaini ili alipwe. Siku nzima shemeji mtu alimbembeleza kwa simu mpaka akakubali. Akaja Mtoni na tai, akaketi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anasoma wosia: "Marejesho ya Fredrick, elfu hamsini. Toa zuio, elfu tano. Anachopokea, arobaini na tano." Akavua miwani. "Kaka. Unanikata kodi kwenye kodi uliyonikata?"

"Ni malipo, Fredrick. Kila malipo..."

Hakumaliza. Fredrick alichana ile karatasi vipande ambavyo hata mchwa angekosa cha kushika, akatoka. Mzee akainama kuviokota kimoja kimoja, kwa sababu nyaraka za malipo hazitupwi hovyo.

Machi ikaisha. Bi Hamida alilia kidogo, akawakumbatia, na funguo akachukua. Ikakodiwa Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, wakahamia Mbezi kwenye nyumba isiyo na paa: kitanda, kabati, kopo na ile meza kubwa ya mninga aliyopewa mzee siku ya kuagwa kazini. Mpapai waliukuta palepale sebuleni. Mama Avelina akaanika kanga zake juu yake, akachukua simu.

"Shemeji, njoo uone ulipotufikisha."

Tusidanganyane, Fredrick alikuja kufaidi. Alikuja na mfuko wa senene wa kukaanga, kama mtu anayekwenda kuangalia mpira. Akazunguka chumba hadi chumba anatafuna, anatazama juu, anasifia hewa.

"Kaka, hapa hata feni huhitaji."

Kaka mtu kabla hajajibu, mvua ikashuka, ile ya masika isiyotoa taarifa. Wazee wote wawili wakajitupa chini ya meza ya mninga, magoti kidevuni. Mwavuli ulikuwa mmoja, na alikuwa nao Mama Avelina, na hakumwita mtu.

"Sogea huko," Fredrick akasema.

"Nisogee wapi? Huu ni mguu wa meza."

"Kaka, sema tu kwamba ulikosea, nisaini tutoke humu."

"Siwezi kusema nilikosea wakati sikukosea. Kama ni msamaha, uombe, nitaufikiria."

"Niombe msamaha wa kukatwa pesa yangu?"

"Msamaha wa kodi, bwana. Tofauti."

"Haya, tukae. Maji yakifika shingoni utanijulisha."

"Fredrick, senene wanalowa."

"Waache walowe!"

Hapo Mama Avelina akainama, sura yake ikatokea kati ya miguu ya meza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Begani alikuwa na begi lililofungwa zipu.

"Nyie wazee," akasema. "Mie naenda Mwanza kwa Brightson. Mwanangu ana nyumba, ina bati. Stendi iko hapo tu. Mkimaliza kikao mtanipigia."

Akanyooka, akaanza kutembea kwenye matope kuelekea barabarani. Tena hakugeuka.

"Shemeji!" Fredrick akapiga kelele, kichwa kikagonga mninga. "Shemeji ngoja! Kaka, hiyo karatasi iko wapi? Leta!"

Karatasi ya bati, ile ambayo haikuchanwa, ilikuwa ndani ya koti la mzee, imefungwa kwa mfuko wa nailoni mara mbili, maana huyu mtu hata kwenye gharika angepeleka nyaraka kavu. Shida ikawa pa kuiwekea. Chini ni maji, na meza wako nayo upande usiofaa.

"Geuka," Fredrick akaamuru. Akaweka karatasi mgongoni kwa kaka yake, akaanza kusaini. "Usitikisike."

"Sitikisiki. Nacheka."

"Unacheka nini?"

"Unanitekenya."

Fredrick akajikaza, akashindwa, naye akaangua. Sahihi ikatoka na mkia mrefu, lakini ikatoka. "Ila hamsini yangu bado nadai," akasema huku anafuta machozi.

"Andika dokezo."

Mama Avelina alirudishwa kutoka kwenye kona ya duka la mangi. Alipokea karatasi, akaiweka ndani ya begi, na kesho yake akaipeleka benki yeye mwenyewe. Alikubali pesa zitoke kwa sharti moja, bati na mbao anakwenda kununua yeye, muuzaji anataja bei, anapewa bei. Mzee alibaki barazani anajishika mkono wa kulia, kama mtu mwenye baridi yabisi.

Ikabaki fedha ya ufundi tu, na hiyo wakamwachia alipe yeye, wakisema angalau naye apate cha kufanya.

Fundi wa paa alikuwa Albano, Mmakonde mpole ambaye akiwa juu ya kenchi anaongea na misumari kuliko watu. Walipatana laki sita. Mzee akamwita pembeni, akampa laki tano na arobaini, na karatasi yenye muhuri.

Albano aliisoma. Akaikunja, akaiweka ndani ya kofia. "Kwa hiyo na mie kazi nipunguze hivyo hivyo?"

Mzee akafikiri. Miaka yote ile dirishani alitukanwa kwa lugha karibu zote za nchi hii, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza swali lililonyooka namna hiyo. "Ni haki yako," akasema.

"Basi niambieni niache wapi."

Mzee alifungua mdomo. Mkewe akamuwahi. "Chumbani. Juu ya kitanda. Upande wake."

Paa likaezekwa, jekundu, zuri, linang'aa mpaka barabarani, likaachwa fungu moja kati ya kumi. Watu walitoka mpaka Kibamba kuja kuangalia. Mzee alivumilia mvua mbili akiwa amelala na koti la mvua na kofia. Ya tatu ikiwa inaanza kunukia, akapanda stuli mwenyewe bila kuambiwa na mtu, akashusha kopo. Mama Avelina alikuwa anachambua mchele. Akaacha, hata pumzi akaiacha kwanza.

Tulikuwa kijiweni tunakunywa kahawa na Albano mzee alipofika, ameshika pesa kama mtu aliyeshika kifaranga. "Chukua elfu sitini yako, fundi," akasema.

Albano akahesabu. Akahesabu tena. Kijiwe chote tukahesabu naye.

"Mzee, hii ni hamsini na nne."

Mzee akautazama mkono wake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Ni malipo," akasema kwa sauti ndogo. "Umejikatia wenyewe njiani."

Albano alichukua ngazi, akapanda, akaziba kiasi alicholipwa, akashuka. Tundu lililobaki ni la ukubwa wa sinia. Mzee ameahidi kumletea ile elfu sita, na kijiweni hakuna asiyejua kwamba italetwa elfu tano na mia nne. Wenye hesabu zao wamekaa wakaona hilo tundu halitazibika milele: litakuwa sahani, litakuwa kisosi, litakuwa kifuniko cha soda, lakini litakuwepo.

Mama Avelina ameweka ndoo chini yake na analala kavu upande wa ukutani. Mgeni akifika, kabla ya chai, anamvutia chumbani na kumwonyesha juu. "Hili lote langu," anasema, anazungusha kidole kwenye bati. Halafu kidole kinasimama. "Lile pale ni la Baba Brightson na serikali yake."