Ndege Wekundu wa Sebuleni

Nikisikia harufu ya nta ya sakafu, huirudia ile nyumba ya mawe iliyo katikati ya michai, juu kidogo ya Roret. Mkulima mzungu aliyeijenga aliondoka zamani, kanisa likabaki nayo, na nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kogo, akawa mtunzaji wake. Watu walikuja kutazama viti vya kale, zulia, na hasa pazia la sebuleni lililotariziwa ndege. Msimu mmoja wa mvua nilikaa kwake, na jambo moja likanisumbua: kila mtu aliwaita ndege wekundu, ilhali mimi niliona ndege wa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kogo akanifunulia upindo wa pazia. Humo ndani uzi ulikuwa mwekundu kama pilipili mbivu. “Hawa wengine wameliwa na jua,” akasema, “na vidole vya watu.”

Ndiyo maana alifunga mbao za madirisha mchana kutwa. Jumamosi moja likaja kundi la akina mama wa kanisa, na mmoja wao, kuingia tu, akaangua kicheko. “Kogo, tumetoka kote huko Sigor kuja kuona giza?”

“Toka nje unywe chai kwanza. Giza halina miguu.”

Kwetu mgeni haondoki bila chai, na mpaka siku hiyo ilinywewa papo hapo sebuleni. Madoa ya zulia yalikuwa ushahidi wa ukarimu wetu. Lakini sasa Kogo alikuwa amehamishia birika barazani. Wenzao wakinywa, aliwaingiza wawili wawili, bila viatu, akafungua ubao mmoja wa dirisha, akaufunga tena. Yule mcheshi alirudi barazani. “Nimewaona,” akasema, akaomba kikombe kingine.

Nimehamahama miji mingi tangu Kogo atutoke. Mwaka huu nilirudi, nikakuta birika barazani na binti mtunzaji akinielekeza mahali pa kuvulia viatu. Ndani, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye upindo.

“Usiguse, mama.”

“Mimi ni mjukuu wa Kogo.”

“Basi unajua kwa nini.”

Zamani mtoto aliyetoka kuchuma chai, vidole vichafu, alifunuliwa upindo. Leo hata mjukuu hafunuliwi. Binti alifunga dirisha. Nilikwenda kunywa chai yangu, vidole vikiniwasha, na ndege wakabaki gizani na wekundu wao.