Siku Tuliyopeleka Mtaji Kisesa

Kampuni yetu ya kuwekeza kwenye teknolojia changa tuliianzisha watatu, pale Igoma, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Mimi niliyeishia kidato cha pili nilipewa kazi ya kuongea, maana mdomo haudaiwi cheti. Utaratibu wetu ulikuwa kumpa kijana mtaji baada ya kufika kwao na mzazi kukubali.

Wa kwanza alikuwa binti wa Kisesa, aliyetengeneza programu ya simu ya kuwatahadharisha waanika dagaa mvua ikikaribia. Tulifika na suti, sukari na kreti la soda. Baba yake akafurahi, akaita na majirani.

"Shikamoo mzee. Tunaomba sehemu ya kazi ya binti yako."

"Marahaba. Kwa muda gani?"

"Siku zote, mzee."

"Anayetaka jasho la binti yangu siku zote ni mkwe. Ng'ombe wako wapi?"

Majirani wakacheka.

"Baba, hii ni biashara!" binti akasema.

"Nyamaza, wakubwa tunaongea."

Wenzangu wenye digrii walitazama viatu vyao. Binti alinitazama mimi, msemaji wao, nami nikanywa soda. Akafunga kompyuta yake, akaenda kusonga ugali wa wageni.